Steji ya saratani ya utumbo mpana: namna ya kuisoma kwenye ripoti, na ikirudi hurudia wapi

Maswali ni yale yale. "Wameandika gredi 2, ndiyo steji 2?" "Wamesema wametoa uvimbe wote, sasa kemo ya nini?" "CEA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii) ilikuwa 3, leo ni 6, ugonjwa umerudi?" Wengi wanaouliza wana karatasi yenye majibu karibu yote mkononi, ila imejaa herufi na namba ambazo hakuna aliyekaa nao kuwafafanulia. Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyepasuliwa au anayesubiri kupasuliwa, na wa ndugu anayemshikia faili. Ukiufuata huku ripoti iko mezani, utapiga hesabu ya steji mwenyewe, utajua cha kumuuliza daktari, na utapanga kalenda ya vipimo vya miaka 5.

Mipaka yake ni miwili. Hapa tunashughulika na koloni, yaani utumbo mpana wote ukiondoa puru. Puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa, hutumia herufi hizi hizi lakini matibabu yake hupangwa tofauti, na mara nyingi mionzi hutangulia upasuaji. Pili, tunatumia mfumo wa TNM (T ni kina cha uvimbe, N ni tezi, M ni kusambaa mbali), toleo la 8, ambalo hospitali za Marekani zilianza kulitumia rasmi Januari 2018 na ambalo limeenea duniani. Ripoti nzuri hutaja toleo lililotumika. Angalia mwisho wa karatasi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ripoti kamili ya patholojia (uchunguzi wa darubini maabara) ya kipande cha utumbo kilichokatwa. Si ile ya biopsi ya kamera (kinyama kidogo kilichochukuliwa kwa kupima), wala si mistari miwili iliyoandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.
- Maelezo ya upasuaji kutoka kwa daktari mpasuaji: ini lilionekanaje, utumbo ulikuwa umeziba au umetoboka, kuna kilichoachwa ndani?
- Ripoti ya CT skani ya kifua, tumbo na nyonga iliyopigwa kwa dawa ya mshipa, pamoja na CD ya picha. Usikubali kuondoka na karatasi peke yake, kwa sababu hospitali ya rufaa itataka kuzisoma picha upya.
- Majibu ya CEA ya kabla ya upasuaji na ya baada, kila moja na tarehe na jina la maabara.
- Ripoti ya kolonoskopi. Tafuta jambo moja tu: kamera ilifika hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale utumbo mwembamba unapoungia, au iliishia kwenye uvimbe?
- Majibu ya MMR au MSI (vipimo vya uwezo wa seli kurekebisha makosa ya vinasaba), kama kipimo kilifanyika.
- Daftari moja. Vikaratasi hupotea.

Kama bado hujapasuliwa: habari ya chombo cha sampuli

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki ndugu ndiye anayebeba kipande kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara, na steji nyingi huharibikia njiani hapo. Kinachohitajika ni ndoo au chombo cha mdomo mpana chenye mfuniko unaobana, na formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya 10% iliyotengenezwa kwa ajili ya patholojia. Kiasi kinachopendekezwa ni formalini mara 10 ya ujazo wa kipande. Kipande cha nusu lita kinataka lita 5. Chupa ya jemu haitoshi, hata kama kipande kimeenea humo kwa kukandamizwa.

Formalini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa. Utumbo uliofungwa na bado una kinyesi ndani huanza kuoza katikati kabla dawa haijafika. Kwa hiyo muulize mpasuaji kabla ya siku yenyewe kama ataufungua na kuusafisha, au maabara iko karibu kiasi cha kupokea siku hiyo hiyo. Usiufungue wewe.

Maji, spiriti au maji ya chumvi si mbadala wa formalini. Usiweke kipande kwenye friza. Barafu hupasua seli na daktari wa patholojia hataweza kuzisoma. Lebo ibandikwe kwenye mwili wa chombo, si kwenye mfuniko, kwa kuwa mifuniko hubadilishana: jina, namba ya faili, tarehe na saa ya upasuaji, sehemu ya utumbo iliyokatwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupeleka "kakipande ka uvimbe" ili kupunguza gharama. Tezi za limfu, vijifundo vidogo vya kinga ya mwili, ziko kwenye mafuta yaliyoshikana na utumbo. Ukiyaacha mafuta, umeiacha nusu ya steji kwenye ndoo ya taka. Kipande chote kiende, na mafuta yake.

1. Hakikisha unasoma karatasi sahihi

Biopsi ya kamera hukwangua juu tu. Inathibitisha kwamba ni saratani, kwa kawaida adenokasinoma (saratani inayoanzia kwenye seli za utando wa ndani), na inaweza kutaja gredi. Haiwezi kukuambia ugonjwa umechimba hadi wapi.

Kisha tazama herufi ndogo inayotangulia T na N. *c* ni makadirio ya kabla ya upasuaji, kutokana na CT na uchunguzi wa daktari. *p* imetoka kwenye darubini baada ya upasuaji, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa zaidi. *yp* maana yake mgonjwa alipata kemo au mionzi kabla ya kupasuliwa, hivyo kilichoonekana ni mabaki ya baada ya dawa. *r* ni ugonjwa uliorudi.

Angalizo: CT ikisema "tezi hazijavimba" si kwamba hazina saratani. Tezi ya milimita 4 inaweza kuwa na seli za saratani, na ya milimita 12 ikawa imevimba kwa sababu ya maambukizi tu. cN0 ikigeuka pN1 baada ya upasuaji, hakuna aliyekosea.

2. Tafuta T: ugonjwa umechimba tabaka gani

Ukuta wa utumbo, kutoka ndani kwenda nje, ni utando wa ndani, tabaka laini chini yake, msuli, mafuta yanayouzunguka, na utando mwembamba wa nje.

- Tis: seli ziko kwenye utando wa ndani tu.
- T1: zimeingia tabaka laini.
- T2: zimeingia msuli, hazijautoboa.
- T3: zimevuka msuli hadi kwenye mafuta.
- T4a: zimetokeza kwenye utando wa nje. Utumbo uliotoboka mahali pa uvimbe nao huhesabiwa hapa.
- T4b: zimeingia kiungo kingine, mfano kibofu, utumbo mwembamba au ukuta wa tumbo.

Namba hii haina uhusiano na ukubwa wa uvimbe. Uvimbe wa sentimita 7 unaoning'inia ndani ya utumbo unaweza kuwa T2, na wa sentimita 2 ukawa T3. Watu hukazia macho sentimita kwa sababu ndizo wanazozielewa, lakini kwenye koloni hazipandishi wala kushusha steji.

Jambo jingine linalochanganya: mpasuaji ameandika kwamba uvimbe ulishikana na kibofu, ila patholojia inasema T3. Inawezekana kabisa. Mshikano mara nyingi ni nyama iliyovimba kwa kuwashwa tu, bila saratani, na darubini isipokuta seli kwenye mshikano, T4b haiandikwi.

3. Tafuta N, na hesabu iliyo chini yake

Utaona sehemu kama 2/15. Namba ya chini ni tezi zilizopatikana na kuchunguzwa, ya juu ni zilizokutwa na saratani.

- N0: hakuna.
- N1a: tezi 1. N1b: tezi 2 au 3.
- N1c: hakuna tezi yenye saratani, lakini kuna vijivimbe vya saratani vilivyojitenga kwenye mafuta.
- N2a: tezi 4 hadi 6. N2b: tezi 7 au zaidi.

Vijivimbe vya N1c havijumlishwi na tezi. Ikiwa kuna tezi 1 yenye saratani na vijivimbe 3, jibu ni N1a, si N2a. Hata hivyo vijivimbe hivyo ni ishara mbaya, na daktari wa saratani anapaswa kuviona vimetajwa.

Sasa rudi kwenye namba ya chini. Huu ndio mstari unaorukwa zaidi na ndio tungekuomba uusome mara mbili. Kiwango kinachokubalika ni tezi 12 au zaidi. "0/16" inasema tezi zilitafutwa vizuri na ni safi. "0/5" inasema tezi 5 ni safi, na kuhusu zilizobaki hakuna anayejua. Zote mbili huandikwa N0 na kwenye karatasi hutoa steji moja, lakini uhakika wake haulingani hata kidogo.

Ikiwa ni chini ya 12, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Piga simu maabara, uliza kama kipande bado kipo, na umwombe daktari wako aombe mafuta yaliyobaki yapitiwe tena. Maabara hutunza kipande chenyewe kwa wiki chache tu baada ya kutoa ripoti, kisha hukitupa. Bloku za parafini (vipande vidogo vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta) hukaa miaka, ila bloku haina tezi ambayo haikuokotwa siku ya kwanza.

4. Tafuta M, na usiitafute kwenye patholojia peke yake

Utakuta "Mx" au pengo. Maana yake ni kwamba daktari wa patholojia ameletewa utumbo, hakuletewa ini wala mapafu. M hutoka kwenye CT na kwenye macho ya mpasuaji.

- M0: hakuna kilichoonekana mbali.
- M1a: kiungo kimoja cha mbali, mfano ini tu. Hata madoa 6, yakiwa yote kwenye ini, bado ni M1a.
- M1b: viungo viwili au zaidi.
- M1c: umefika kwenye peritoneamu, utando unaozunguka matumbo, iwe peke yake au pamoja na viungo vingine.

Tezi zilizo mbali, kama za juu ya mtulinga wa kushoto (mfupa unaounganisha kifua na bega), ni M1, si N. Kama ulipasuliwa kwa dharura bila CT, huna M. Steji yako haijakamilika mpaka kipimo hicho kifanyike, hata kama mtu ameshaandika "steji 2" kwenye jalada la faili.

5. Unganisha herufi tatu

- Steji 0: Tis, N0, M0.
- Steji I: T1 au T2, N0.
- Steji IIA: T3, N0. IIB: T4a, N0. IIC: T4b, N0.
- Steji IIIA: T1 au T2 yenye N1 au N1c, au T1 yenye N2a.
- Steji IIIB: T3 au T4a yenye N1 au N1c, T2 au T3 yenye N2a, T1 au T2 yenye N2b.
- Steji IIIC: T4a yenye N2a, T3 au T4a yenye N2b, T4b yenye N1 au N2 yoyote.
- Steji IVA, IVB, IVC: M1a, M1b, M1c, bila kujali T na N.

Jaribu: pT3, tezi 2/15, CT safi. Tezi mbili ni N1b, T3 pamoja na N1 ni IIIB. Jaribu nyingine: pT4b, tezi 0/9, CT safi. Karatasi inatoa IIC, na daftarini unaandika pembeni "tezi 9 tu".

Usidhani kila steji ni mbaya kuliko iliyotangulia. Takwimu za miaka mingi zimeonyesha kwamba wenye IIIA huishi vizuri kuliko wenye IIB na IIC. Kina cha T4 ni hatari yenyewe, hata tezi zikiwa safi.

Ripoti za zamani zaweza kusema "Dukes B" au "Dukes C". Ni mfumo wa Cuthbert Dukes, daktari wa patholojia wa Hospitali ya St Mark's, London, aliouchapisha mwaka 1932 kwa ajili ya saratani ya puru. A ni takriban steji I ya leo, B ni II, C ni III. D iliongezwa na wengine baadaye kwa ugonjwa uliosambaa.

6. Soma mistari midogo, inabadilisha matibabu

Gredi (G1, G2, G3) inaeleza seli zinavyofanana au kutofanana na seli za kawaida. Si steji. G3 yenye T1N0 bado ni steji I.

Kingo za kipande: R0 ni safi, R1 ni seli zimebaki kwa kiwango cha darubini, R2 ni uvimbe unaoonekana kwa macho umebaki. Huu ndio mstari wa kuthibitishia maneno "tumetoa wote".

LVI ni seli kuingia mishipa midogo ya damu au limfu, PNI ni kuingia kwenye neva. Andika kama zipo.

MMR ni kipimo cha protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Zote zikiwepo, ni kawaida. Moja au mbili zikikosekana, mambo matatu hubadilika. Kwanza, kwa steji II hatari ya ugonjwa kurudi ni ndogo, na kemo ya fluorourasili peke yake haimsaidii mgonjwa huyu. Pili, ugonjwa ukiwa umesambaa, tiba ya kinga (dawa zinazoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani) hufanya kazi vizuri. Tatu, inawezekana familia ina sindromu ya Lynch, ya kurithi, hivyo ndugu wa damu wanahitaji ushauri na kolonoskopi mapema. MLH1 inapokosekana, hupimwa kwanza jeni la BRAF au hali ya jeni la MLH1 lenyewe, kwa sababu mara nyingi chanzo chake si cha kurithi. Kipimo cha MMR hufanywa kwenye bloku iliyokwisha tengenezwa; huhitaji kupasuliwa tena.

7. Linganisha steji na matibabu uliyopangiwa

Steji I: upasuaji unatosha. Ukipangiwa kemo hapa, uliza sababu.

Steji II: wengi hufuatiliwa tu. Kemo hujadiliwa ikiwa kuna T4, tezi chini ya 12, utumbo ulioziba au kutoboka, LVI au PNI, kingo zisizo safi, au seli za gredi mbaya kwa mtu ambaye MMR yake ni ya kawaida.

Steji III: kemo ni kawaida, hata CT ikiwa safi kabisa. CT haioni seli chache. Tezi zenye saratani ni ushahidi kwamba seli zilishaanza safari. Dawa ni fluorourasili au vidonge vya kapesitabini, pamoja na oksaliplatini: FOLFOX kila wiki 2, au CAPOX kila wiki 3. Kwa T1 hadi T3 yenye N1, CAPOX ya miezi 3 inakaribiana sana na ile ya miezi 6, na ganzi ya mikono na miguu inakuwa ndogo zaidi. Kwa T4 au N2 madaktari wengi hupendelea miezi 6. Kemo ianze ndani ya wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Hapa ndipo ripoti inayochelewa maabara inapogharimu, basi ifuatilie kuanzia wiki ya pili.

Steji IV: usifunge faili. Madoa ya ini au mapafu yakiwa machache na mahali panapokatika, wapo wanaopasuliwa na kupona. Swali la kuuliza ni hili: "Je, picha hizi zimeonwa na mpasuaji wa ini?"

8. Jua ugonjwa hurudia wapi, na lini

Damu ya koloni hupitia kwanza kwenye ini kupitia mshipa mkuu uitwao porta. Ndiyo maana ini linaongoza. Yanafuata mapafu. Peritoneamu hufikiwa zaidi na T4 na utumbo uliotoboka, kwani seli zimeshamwagika tumboni. Ugonjwa unaweza kurudi pia palepale ulipokatwa, kwenye tezi za kandokando ya mshipa mkuu wa damu tumboni, na kwa wanawake kwenye ovari. Mifupa na ubongo ni nadra, hasa mwanzoni. Puru ina tabia nyingine kidogo: sehemu yake ya chini hupeleka damu moja kwa moja kwenye mzunguko mkuu, hivyo mapafu yanaweza kuguswa bila ini kuguswa.

Takriban 80% ya wanaorudiwa hurudiwa ndani ya miaka 3 ya mwanzo. Baada ya miaka 5 ni wachache sana.

Usichanganye kurudi na saratani mpya. Uvimbe mpya kwenye sehemu nyingine ya utumbo baada ya miaka 6 ni ugonjwa mwingine, unapewa steji yake, na mara nyingi ulianzia kwenye polipu (kinyama kinachoota ndani ya utumbo) ambayo kolonoskopi ingeiondoa.

9. Andika kalenda

Tarehe ya upasuaji ndiyo siku ya kwanza. Kwa steji II na III:

- Uchunguzi wa daktari na CEA: kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5.
- CT ya kifua, tumbo na nyonga: kila miezi 6 hadi 12. Fedha zikibana, miaka 3 ya mwanzo ndiyo ya kulindwa.
- Kolonoskopi: baada ya mwaka 1, ikiwa safi, baada ya miaka 3 mingine, kisha kila miaka 5. Kama kabla ya upasuaji kamera haikuvuka uvimbe, ya kwanza ifanyike ndani ya miezi 3 hadi 6.

Kwa steji I, kolonoskopi kwa ratiba hiyo ndiyo muhimu.

Ultrasaundi ya ini na eksirei ya kifua ni bora kuliko kutofanya chochote, ila madoa madogo huyapita. Usiandike "CT safi" daftarini wakati ulichofanya ni ultrasaundi.

CEA ifanyike maabara moja kila mara, kwa kuwa mashine hutofautiana. Huhitaji kufunga kula. Ikiwa ilikuwa juu kabla ya upasuaji, inapaswa kushuka hadi kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Isiposhuka, CT inahitajika mapema.

Mambo yakikwama

*Ripoti haina T au idadi ya tezi.* Haijakamilika. Daktari wako aiandikie maabara kuomba ripoti ya nyongeza. Kipande kikiwa kimeshatupwa, bloku na slaidi zisomwe upya. T huweza kuokolewa, tezi mara nyingi haziwezi.

*Hospitali mbili zimetoa steji tofauti.* Angalia kama moja ni c na nyingine ni p. Zikiwa zote ni p, peleka slaidi na bloku, si ripoti tu, kwa daktari mwingine wa patholojia. Ukipewa rufaa kwenda Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda, zibebe siku ya kwanza.

*CEA imepanda kutoka 3 hadi 6.* Rudia baada ya wiki 4 hivi, maabara ile ile. Sigara, ugonjwa wa ini, kuvimba kwa kongosho na hata kemo yenyewe huipandisha. Ikishuka, endelea na ratiba. Ikipanda tena, CT, na kolonoskopi kama muda wake umekaribia. Kinachotisha ni mpando wa mfululizo kuliko namba moja.

*CEA haikuwahi kupanda hata uvimbe ulipokuwepo.* Basi kwako si mlinzi mzuri. Itegemee CT.

*CT imeonyesha doa kwenye ini.* Kuna malimbikizo ya mishipa ya damu, mifuko ya maji na majipu, vyote visivyo saratani. MRI au ultrasaundi ya kina husaidia kutofautisha. Kama doa linaweza kukatwa, sindano ya biopsi isiharakishwe kabla mpasuaji wa ini hajaona picha, maana seli zinaweza kuachwa njiani sindano inapotoka.

*CT imeonyesha vijidoa kwenye mapafu.* Kwetu kifua kikuu hakiwezi kusahaulika. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kutambua kifua kikuu. Vijidoa vya milimita chache kwa kawaida hurudiwa kwa CT baada ya miezi 3 hivi, kuona kama vinakua.

*Tumbo limejaa, unatapika, hewa haitoki.* Hili halisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kitengo cha dharura saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa kovu la upasuaji limebana utumbo, au ugonjwa umerudi. Kujua ni kipi kunahitaji picha, si kukisia.

*Ugonjwa umerudi kwenye ini, je, sasa ni steji IV?* Steji ya mwanzo haifutwi. Huandikwa, kwa mfano, steji IIIB iliyorudi, ingawa matibabu yanafanana na ya steji IV. Maswali yanayofuata ni kama unaweza kukatwa, na majibu ya vipimo vya jeni za KRAS, NRAS na BRAF, na MMR, kwa sababu dawa kadhaa huchaguliwa kwa hayo. Vipimo hivyo vyaweza kufanywa kwenye bloku ya upasuaji wa kwanza, kwa hiyo namba yake ya maabara iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na jina la maabara inayoihifadhi.